Matairi ya trekta dogo Arua: kisiki ni hatari kuliko mwiba

Kila mwaka, kati ya Februari na Machi, wenye matrekta mjini Arua huingia katika kipindi chao cha pilikapilika. Mvua za kwanza za West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hutarajiwa kuanzia mwishoni mwa Machi, na mkulima ambaye shamba lake halijatifuliwa kufikia wakati huo huanza kuhesabu hasara kabla ya kupanda. Trekta la nguvu ya farasi 30 au 40 linalolala Mvara, kitongoji cha mji huo, linaweza kuwa na ahadi za kulima Maracha, Terego na hata Koboko, zaidi ya kilomita 50 kaskazini. Tairi moja likichanika ubavuni, foleni yote husimama.

Si kila tairi hupatikana Arua. Matairi ya nyuma ya vipimo visivyo vya kawaida huagizwa Kampala, safari ya karibu kilomita 500 inayopita madaraja ya Karuma na Pakwach. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari yalilazimika kutafuta njia za mzunguko, na kila kipuri kilichosubiriwa West Nile kikasubiriwa zaidi. Kwa mwenye trekta la kukodisha kwa ekari, uimara wa tairi ni sehemu ya ahadi anayompa mteja wake.

Hata hivyo, uamuzi wa kununua hufanyika zaidi dukani, kwa kulinganisha bei na ukubwa. Ungefaa kuanzia shambani, kwa kutazama ni kitu gani hasa kinachotoboa.

Kinachotoboa ni nini?

Miiba ipo. Migunga na mijunju ina miiba mirefu inayoweza kupenya mpira na kufika kwenye tyubu. Lakini jeraha la mwiba kwa kawaida ni tundu dogo kwenye uso wa tairi. Upepo hutoka polepole, dereva huona gurudumu limelegea, fundi hufungua tyubu, huweka kiraka, na kazi huendelea siku hiyo hiyo.

Kisiki ni jambo jingine. Mashamba mengi ya eneo hili hulimwa, kisha hupumzishwa, na vichaka hurudi. Wakati wa kuyafungua tena, vijiti hukatwa kwa panga, mkato wa mshazari, sentimita chache juu ya ardhi. Kiangazi hukausha vijiti hivyo vikawa vigumu kama vigingi, na nyasi huvificha. Mabua ya mtama, mahindi na tumbaku yaliyokatwa yana tabia hiyo hiyo kwa kiwango kidogo zaidi. Machipukizi ya mikaratusi, mti uliopandwa kwa wingi kwa ajili ya kuni na kukaushia tumbaku, huacha visiki vinavyokatwa na kuota tena mara nyingi.

Kisiki cha namna hiyo hakitoboi tu; hukata. Hupenya kwenye mpira mwembamba ulio kati ya jino na jino, au huchana ubavu wa tairi pale trekta linapokata kona. Ubavu ndio unaopinda na kunyooka kila gurudumu linapozunguka, hivyo kiraka cha kawaida hakidumu hapo. Nyuzi za ndani zikishakatika, tairi hilo limepoteza mifupa yake.

Tofauti hii ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Bidhaa nyingi zinazouzwa kama kinga ya pancha zimeundwa kwa ajili ya mwiba na msumari.

Dawa ya kumimina na mipaka yake

Mfano wa kwanza ni dawa ya kuziba pancha, majimaji mazito yenye nyuzinyuzi yanayomiminwa kupitia valvu. Tundu linapotokea, upepo unaokimbia huyasukuma majimaji hayo, na nyuzinyuzi hujisokota ndani ya tundu na kuliziba. Kwa matundu ya upana wa milimita chache kwenye uso wa tairi, dawa hiyo hufanya kazi vizuri, na kwa matairi madogo ya mbele yanayokutana na miiba kwanza inaweza kuokoa muda mwingi. Kwa ubavu uliochanika haisaidii. Pia ina kasoro ambayo mafundi wa pancha huijua kuliko wauzaji: tyubu iliyolowa dawa lazima isafishwe na kukaushwa kabisa kabla gundi ya kiraka haijashika.

Njia ya pili ni tyubu nene zaidi. Hii ni kinga ya bei nafuu dhidi ya mwiba, kwani mwiba uliopita kwenye tairi huenda ukafika mwisho wa urefu wake kabla ya kuitoboa tyubu. Tena fundi yeyote wa barabarani anaweza kuihudumia. Matairi yasiyo na tyubu yana faida kwamba hupoteza upepo taratibu, lakini huhitaji rimu iliyo safi na isiyopinda. Rimu iliyokwisha kushikwa na kutu haitayafaa.

Njia ya tatu ni kulijaza tairi kwa povu la poliyurethani linaloganda na kuwa kama mpira. Tairi hilo halipati pancha kamwe, kwa sababu halina upepo wa kutoka. Lakini gurudumu moja la nyuma la trekta dogo huongezeka uzito kwa zaidi ya kilo 100, udongo hukandamizwa, dereva hutikiswa siku nzima, na presha haiwezi tena kupunguzwa wala kuongezwa. Tairi likiisha meno, povu na tairi hukatwa pamoja na kutupwa. Ni suluhisho la mitambo ya machimbo ya mawe na majalala. Kwa trekta linalolima ekari tatu Terego asubuhi na kukimbia barabarani kuelekea Koboko jioni, ni gharama isiyo na sababu.

Maji yasichanganywe na povu. Wakulima wengi hujaza maji kwenye matairi ya nyuma, hadi takriban robo tatu, ili kuongeza uzito na mshiko. Maji hayo hayazuii pancha hata kidogo, na siku ya pancha humpa fundi kazi ya ziada.

Kusoma meno ya tairi

Ubavuni mwa tairi la trekta huandikwa herufi R na tarakimu, alama inayotaja aina ya meno. R-1 ndilo tairi la kawaida la shamba: meno marefu yaliyopangwa kama herufi V, yenye nafasi pana katikati ili udongo uanguke. Hushika vizuri linapovuta plau la sahani, lakini nafasi hizo pana ndizo mahali kisiki kinapopata mpira mwembamba. R-1W lina meno marefu zaidi kwa udongo wenye unyevu. R-2 lina meno marefu mno, kwa ajili ya mashamba ya mpunga kama ya Doho nchini Uganda au Mwea nchini Kenya. Kwenye lami huisha haraka. R-3 ni la nyasi za viwanja.

R-4, ambalo asili yake ni mitambo ya ujenzi, lina meno mapana na mafupi, mpira mwingi zaidi na ubavu mnene zaidi. Ndilo linalokaribia zaidi kile ambacho mnunuzi wa Arua anakitafuta anapoomba tairi lisilotoboka. Udhaifu wake hujitokeza mvua ikishanyesha: kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa, meno hayo mafupi hujaa matope na trekta huteleza huku plau likiwa ardhini. Mwenye trekta ambaye kazi yake kubwa ni kuvuta tela, kusomba matofali na mchanga au kufyeka kando ya barabara atalifurahia. Anayelima kwa plau msimu wote atajuta.

Kwa kulima, chaguo la busara zaidi ni R-1 lenye plai nyingi. Plai zamani ilikuwa hesabu ya matabaka halisi ya nyuzi za pamba ndani ya tairi. Leo ni kipimo cha nguvu tu, kwa kuwa nyuzi za nailoni ni imara zaidi na matabaka machache hufikia nguvu ile ile. Kipimo kilekile cha tairi, kwa mfano 12.4-28, huweza kupatikana likiwa la plai 6 au la plai 8 na zaidi. La plai nyingi ni zito na gumu zaidi, na bei yake ni kubwa, lakini nyongeza hiyo inanunua nguvu katika mwili mzima wa tairi, ubavu ukiwemo.

Muuzaji anaweza pia kumshawishi mteja achukue radiali kwa kuwa ni ya kisasa. Radiali hushika ardhi vizuri na hudumu barabarani, na uso wake huimarishwa kwa mikanda, lakini ubavu wake ni mwepesi na hupinda sana. Tairi la mshazari, ambalo nyuzi zake hupishana kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, lina matabaka yale yale ubavuni kama yaliyo chini ya meno. Katika shamba lenye visiki, tairi la mshazari, linaloonekana la kizamani, lina hoja nzuri. Matrekta mengi madogo yatokayo India huja nalo tayari.

Matairi ya misitu, kama yanayotengenezwa na kampuni ya Nokian ya Finland, huimarishwa kwa chuma na hustahimili visiki kuliko yote yaliyotajwa hapa. Tatizo ni bei, na uhaba wa vipimo vinavyotoshea matrekta madogo.

Onyo moja kwa wenye matrekta ya magurudumu manne yanayovuta: gia za mbele na za nyuma zimepangwa kwa uwiano maalumu wa ukubwa wa matairi. Kubadili aina au kipimo kwenye ekseli moja pekee huweza kuuvuruga uwiano huo na kuzichosha gia. Mbele na nyuma hubadilishwa kwa pamoja, kwa kufuata kitabu cha trekta.

Upepo, mtaro na jembe la mkono

Tairi bora huharibiwa na upepo usiofaa. Tairi la nyuma likiwa shambani huhitaji presha ndogo, mara nyingi kati ya psi 12 na 20, wakati gari dogo hutumia 30 na zaidi. Likijazwa kupita kiasi, uso wake hukakamaa na haulegei kukizunguka kitu chenye ncha, hivyo ncha huingia. Likilegea mno, ubavu hutokeza nje na kujiweka mbele ya visiki. Kipimo cha upepo cha mkononi hakigharimu hata sehemu ndogo ya bei ya tairi, lakini ni nadra kukikuta kwenye kisanduku cha vifaa cha trekta.

Wakati wa kulima kwa plau, magurudumu ya kulia kwa kawaida hupita ndani ya mtaro uliokwisha kufunguliwa, na ubavu wa tairi husugua ukuta wa ardhi ambayo bado haijalimwa. Mizizi iliyokatwa hutokeza hapo. Ndiyo maana tairi la nyuma la kulia hukaguliwa mara nyingi kuliko mengine.

Zamani za magurudumu ya chuma, kisiki hakikuwa tishio kwa gurudumu. Kampuni ya Marekani ya Allis-Chalmers ilipoanza kuuza trekta lenye matairi ya upepo mwaka 1932, wapo wakulima waliokuwa na wasiwasi kwamba mpira hautadumu shambani. Mpira ulishinda kwa sababu uliongeza kasi na kupunguza matumizi ya mafuta. Afrika Mashariki nayo ilipata somo lake katika mpango wa karanga wa Waingereza huko Kongwa, Tanganyika, uliovunjwa mwaka 1951. Mitambo mizito, mingine ikitembea kwa minyororo ya chuma, ilichakazwa na vichaka na mizizi ambayo wapangaji wake waliidharau.

Kung'oa visiki kwa jembe na sururu kabla trekta halijaingia ni kazi ya kuchosha, na mwenye shamba hupenda kuiacha kwa dereva. Baadhi ya wenye matrekta hukagua shamba kwa miguu kabla ya kukubaliana bei, na hutoza zaidi, au hukataa, pale visiki vinapoachwa. Kijiti kilichong'olewa na mzizi wake hakirudi; kilichokatwa kwa panga kitamngoja trekta msimu ujao kikiwa kinene zaidi.

Dukani, mambo mawili zaidi huangaliwa kabla ya fedha kutolewa. La kwanza ni tarehe: matairi mengi hubeba tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa juani nje ya duka kwa miaka kadhaa huwa na nyufa nyembamba ubavuni hata kama halijawahi kufungwa. La pili ni mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka. Tairi la R-1 likifungwa kinyume, V yake hukusanya udongo badala ya kuutupa, na kulirekebisha humaanisha kulitoa tena kwenye rimu, kazi ya nusu siku kwa watu wawili wenye nondo.