Wasifu wa wanawake shupavu katika vitabu vya picha vya watoto

WANAFUNZI wanaotoka Kariakoo kwenda katikati ya jiji la Dar es Salaam huvuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Jina hilo wanalisoma kwenye kibao. Kumfahamu mwenye jina ni jambo jingine, na hiyo ndiyo kazi ya kitabu cha wasifu wa picha.

Wasifu wa picha ni kitabu kinachomsimulia mtoto maisha ya mtu aliyeishi kweli, kwa maneno machache na michoro mingi. Kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapia hukunjwa na kutoa kurasa kwa mafungu ya nane au 16. Mchoro humwonyesha mtoto yale ambayo maneno hayakuyataja: mavazi, nyumba, umati wa watu.

Wangari Maathai

Mwanamke wa Afrika Mashariki aliyeandikiwa sana vitabu vya aina hii ni Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha harakati za kupanda miti mwaka 1977 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, mwaka 2004. Mwaka 2008 Jeanette Winter wa Marekani alitoa Wangari's Trees of Peace. Mwaka 2010 kikafuata Mama Miti, kilichoandikwa na Donna Jo Napoli na kuchorwa na Kadir Nelson, aliyechanganya rangi na vipande vya vitambaa vya Afrika Mashariki.

Vitabu hivyo viwili vimefuata njia tofauti. Mama Miti kinawaonyesha wanawake wakimwendea Wangari na shida zao, naye akiwashauri mti wa kupanda. Winter hakuficha kwamba shujaa wake alipigwa na kutiwa korokoroni. Vyote viliandikwa kwanza kwa Kiingereza na kuchapishwa Marekani.

Siti na Bibi Titi

Kiswahili nacho si kigeni katika fani ya wasifu. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za taarabu na kufariki mwaka 1950. Hata hivyo, hicho ni kitabu cha msomaji mkubwa.

Kwa upande wa watoto, Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 kuwasaidia waandishi, wachoraji na wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili. Kikwazo kikubwa ni gharama: michoro ya rangi hupandisha bei, na bei ikipanda mzazi hununua kwanza kitabu cha kiada.

Maisha ya Bibi Titi yana kila anachohitaji mchoraji. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akavuma kwa kuongoza nyimbo katika kikundi cha ngoma. Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya TANU kuundwa, alipewa uongozi wa wanawake wa chama hicho. Vikundi vya ngoma vikawa njia ya kuwafikia wanawake wa mitaani, ambao wengi wao hawakupata kuingia darasani.

Ukurasa mgumu

Baada ya uhuru alikuwa mbunge na waziri mdogo, akashindwa uchaguzi wa mwaka 1965. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za kula njama ya kuipindua serikali, akahukumiwa kifungo cha maisha na kuachiwa mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais Julius Nyerere. Alifariki mwaka 2000.

Mwandishi atakayeruka sehemu hiyo atampa mtoto sanamu badala ya mtu. Mtoto wa miaka minane anaelewa vizuri watu waliokuwa pamoja wakakosana, maana huyaona hayo uwanjani kwao. Anachohitaji ni kuelezwa kwa maneno mepesi kwamba mahakama ilimtia hatiani, kwamba baadaye alisamehewa, na kwamba nchi aliyoipigania iliipa barabara kubwa jina lake.

Mzazi anayechagua kitabu cha aina hii na atazame mambo matatu: miaka na mahali vimetajwa, michoro inafanana na mazingira ya wakati ule, na mashujaa wameachiwa udhaifu wao.