Kansa Ikishapona, Picha za Nini Tena?

Wadau, mnawajua wale mastaa, majina kapuni, wanaotangaza wamemaliza matibabu ya limfoma, yaani kansa ya tezi, na vipimo viko safi. Mashabiki tunashangilia, halafu kwenye komenti swali ni lile lile: "Sasa kila baada ya miezi mingapi anaingia kwenye mashine kuangalia kama imerudi?" Jibu la siku hizi linaweza kukushangaza. Ngoja turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1832 daktari wa London, Thomas Hodgkin, aliandika kuhusu watu waliokufa wakiwa na tezi na wengu vilivyovimba. Kwa mgonjwa aliye hai, kipimo kilikuwa vidole vya daktari tu: anapapasa shingo, kwapa na kinena, basi. Eksirei aliyoigundua Wilhelm Röntgen kule Ujerumani mwaka 1895 ikafungua kifua, lakini tumbo likabaki giza. Ndiyo maana miaka ya 1960 na 70 wagonjwa wengi wa Hodgkin walipasuliwa tumbo na kutolewa wengu. Hebu fikiria: unapasuliwa ili uangaliwe tu, bado hujatibiwa!

Aliyebadilisha mchezo alitoka kampuni ya muziki. EMI, ile ile iliyouza santuri za Beatles, ilikuwa na injinia anaitwa Godfrey Hounsfield, jamaa ambaye hata chuo kikuu hakusoma. Mwaka 1971 mashine yake ya CT ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London. Mahesabu yanayofanana na hayo yalishafanywa na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeanza kuyawaza akiwa Cape Town. Mwaka 1979 wakagawana Nobel.

Baadaye ikaja PET, inayofuata sukari mwilini. Seli za kansa zinapenda sana sukari, kwa hiyo zinawaka kwenye picha. Madaktari wakaona sasa dawa imepatikana: mtu akipona, mpige picha kila baada ya miezi kadhaa, ikirudi tuiwahi.

Kumbe mambo si rahisi hivyo. PET inawasha pia TB na uvimbe wa kawaida. Mtu mzima wa afya anaambiwa "kuna kitu", anakatwa kinyama kikapimwe, wiki nzima halali, halafu hakuna lolote. CT nayo ina mionzi, na wengi wa wagonjwa wa Hodgkin ni vijana wenye miaka mingi mbele yao. Na hela je?

Kisha wakatokea majirani wawili. Denmark walikuwa wakipiga picha za mara kwa mara baada ya kupona. Sweden hawakuwa na utaratibu huo. Mwaka 2015 watafiti walichapisha ulinganisho wa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa limfoma kali ya seli B. Waliopigwa picha hawakuishi zaidi ya wenzao. Sababu moja ni kwamba limfoma hiyo ikirudi, mara nyingi mgonjwa mwenyewe ndiye anayeigundua, au daktari akimpima kliniki. Haingoji tarehe ya picha.

Tayari mwaka 2013 chama cha madaktari wa damu Marekani kilikuwa kimeshauri CT hizo zipunguzwe kwa waliopona limfoma kali na hawana dalili. Mwongozo wa Lugano wa 2014 nao ukakataa picha za mazoea.

Tusichanganye mambo: picha ya kuhakikisha matibabu yamefanya kazi bado ipo palepale, na ukiwa na dalili unapigwa. Kliniki usiache hata siku moja. Uvimbe mpya, homa isiyoeleweka, jasho la usiku la kulowanisha shuka, kukonda bila sababu: usingoje tarehe, nenda.

Kwa hiyo staa wako akikwambia hajapigwa picha mwaka mzima, usimwambie kajisahau. Huenda daktari wake kasoma historia vizuri.

Wewe ungeweza kulala bila hiyo picha? Dondosha komenti.