Wazazi wakitengana, watoto wakae na nani? Jinsi sheria ya Uganda inavyolinda maslahi ya mtoto

Wazazi wakitengana katika makazi ya wakimbizi, swali la kwanza huwa: watoto ni wa nani? Upande wa baba husema mtoto ni wa ukoo wao, na mahari yalilipwa. Upande wa mama husema aliyembeba mimba na kumlea ndiye mwenye haki. Sheria ya Uganda huanza na swali tofauti: mtoto huyu atakuwa salama, atakula, atasoma na kupendwa akiwa wapi?

Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo linavyojibiwa, nani analijibu, na mzazi afanye nini ili ugomvi wa watu wazima usimwangukie mtoto. Yanawahusu wakimbizi na wenyeji pia, hasa pale ambapo mzazi mmoja ni mkimbizi na mwingine ni Mganda.

Sheria inasema nini?

Nchini Uganda, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Watoto, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2016, inasema kwamba katika uamuzi wowote unaomhusu mtoto, ustawi wake ndio unaotangulia mambo mengine yote. Katiba ya mwaka 1995 inasema kuwalea watoto ni haki na wajibu wa wazazi. Inasema pia kwamba watoto hawawezi kutenganishwa na familia zao bila ridhaa ya familia, isipokuwa kwa kufuata sheria.

Wajibu huo ni wa wazazi wote wawili, hata kama hawakufunga ndoa. Mahari hayampi baba umiliki wa mtoto. Vilevile, kumzaa mtoto hakumpi mama ruhusa ya kumzuia baba asimwone bila sababu ya msingi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uganda imeuridhia, unampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuendelea kuonana naye mara kwa mara, ila pale ambapo kuonana huko kunamdhuru.

Je, mkimbizi anaweza kwenda mahakamani?

Ndiyo. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unampa mkimbizi haki ya kufika mahakamani kama raia. Mahakama za Uganda hutumia Kiingereza. Kama hukifahamu vizuri, sema mapema, kabla kesi haijaanza kusikilizwa, kwamba unahitaji mkalimani.

Nani anashughulikia mgogoro?

Viongozi wa karibu. Kiongozi wa wakimbizi wa RWC na mwenyekiti wa LC1 wanaweza kuwakalisha wazazi na kuwapatanisha. Sheria inazitaka halmashauri za mitaa kulinda watoto walio katika maeneo yao na kusuluhisha pale haki zao zinapovunjwa. Kila halmashauri ina katibu wa masuala ya watoto. Mkikubaliana, andikeni makubaliano, mtie saini mbele ya mashahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Lakini jueni kwamba karatasi hiyo si amri ya mahakama.

Ofisa wa probesheni na ustawi wa jamii. Huyu ni mtumishi wa wilaya. Anawasikiliza wazazi na mtoto, anaweza kutembelea nyumbani, na mara nyingi mahakama humwomba ripoti kabla ya kuamua. Kwa watu wa Nakivale na Oruchinga wilaya yao ni Isingiro. Kyaka II ni Kyegegwa. Rwamwanja ni Kamwenge. Kyangwali ni Kikuube. Bidi Bidi ni Yumbe.

Mahakama. Sheria inataka kila wilaya iwe na Mahakama ya Familia na Watoto. Haiendeshwi kwa ukali kama kesi za jinai. Watu wasiohusika hawaruhusiwi kuingia, mazungumzo hayana urasmi mwingi, na hakimu huulizauliza ili aelewe hali ya mtoto. Mtoto ana haki ya kuwa na wakili, na anayeona uamuzi si sahihi anaweza kukata rufaa.

Hakimu anaangalia nini?

Sheria imetaja mambo ya kuzingatiwa. Miongoni mwake ni haya:

- Mtoto mwenyewe anataka nini, kwa kadiri ya umri wake na uelewa wake.
- Mahitaji yake ya mwili, ya moyo na ya elimu.
- Atapata athari gani akihamishwa kutoka mahali alipozoea.
- Umri wake, jinsia yake na malezi aliyokulia.
- Madhara aliyokwisha kupata au anayoweza kupata.
- Uwezo wa mzazi au mlezi wa kumtimizia mahitaji yake.

Uwezo haumaanishi fedha tu. Mzazi mwenye duka mjini lakini anayerudi nyumbani usiku wa manane anaweza kuonekana hafai kuliko mwenye shamba dogo ambaye kila asubuhi anahakikisha mtoto amekwenda shule. Upungufu wa fedha kwa mzazi anayelea unaweza kurekebishwa kwa kumwamuru mwenzake atoe matunzo.

Matunzo ya mtoto

Mzazi asiyeishi na mtoto bado anadaiwa chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu ya mtoto huyo. Mama, baba au mlezi anaweza kuomba amri ya matunzo. Hata mtoto anaweza kuomba, akisaidiwa na mtu mzima. Hakimu huangalia kipato cha mzazi kabla ya kupanga kiasi. Kama mwanamume anakana kuwa baba, mahakama inaweza kuombwa itamke nani ni mzazi, na vipimo vinaweza kuagizwa.

Fedha za matunzo ni za mtoto, na anayezipokea hana ruhusa ya kuzifanyia mambo yake mengine. Kwa upande wa mtoaji, kunyimwa nafasi ya kumwona mtoto hakumruhusu kuacha kulipa. Arudi mahakamani kulalamika huku akiendelea kutoa.

Usimtumie mtoto katika ugomvi

Mtoto ana haki ya kusikilizwa, lakini hana wajibu wa kumchagua mzazi mbele ya mwingine. Ukimwuliza kila jioni, "Unampenda nani zaidi?", unamtwika mzigo usiomfaa. Usimtume kudai fedha. Usimfundishe maneno ya kumwambia ofisa au hakimu, kwa kuwa watu hawa huzungumza na watoto kila wiki na wanayatambua maneno ya kukaririshwa. Mwambie tu kwamba kosa si lake, na kwamba watu wazima wanatafuta namna ya kumtunza.

Usimhamishe mtoto kwa siri

Baadhi ya wazazi, wakiona kesi inakaribia, humchukua mtoto usiku na kumpeleka makazi mengine, Kampala, au kumvusha mpaka kumrudisha Kongo au Burundi. Mtoto hukatizwa masomo. Anaweza pia kukosa huduma na mgao, kwa sababu jina lake limeandikwa kwenye karatasi ya familia iliyobaki kwa mzazi mwingine. Akivushwa mpaka, anaweza kurudi kwenye hatari ileile aliyokimbia. Mbele ya hakimu, kitendo hicho humharibia mzazi aliyekifanya.

Ukitaka karatasi ya familia igawanywe, fuata utaratibu wa Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, ukiwa na makubaliano yaliyoandikwa au amri ya mahakama.

Jambo hili lina uzito pia kwa familia zinazosubiri kuhamishiwa nchi ya tatu. Mzazi mmoja akitaka kuondoka na mtoto wakati mwenzake hajaridhia, na hakuna amri ya mahakama juu ya malezi, UNHCR hulazimika kuchunguza kwanza maslahi ya mtoto huyo. Hivyo, malezi yaliyoamuliwa mapema kisheria hupunguza maswali baadaye.

Kukiwa na kipigo au vitisho

Pale penye ukatili, usilazimishwe kukaa kikao cha upatanisho na anayekupiga. Nenda polisi na uulize dawati la ulinzi wa mtoto na familia. Chini ya Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010, unaweza kuiomba mahakama amri ya ulinzi inayomzuia mtu huyo kukukaribia wewe au watoto. Jirani pia asinyamaze: anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa anatakiwa kutoa taarifa.

Andaa nini kabla ya kwenda?

- Karatasi ya familia na kitambulisho chako.
- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au kadi ya kliniki kama cheti hakijapatikana.
- Barua au ripoti ya shule.
- Karatasi za matibabu.
- Makubaliano yoyote yaliyoandikwa mbele ya RWC au LC1.
- Ushahidi wa fedha zilizotumwa, kwa mfano ujumbe wa simu. Usiufute.
- Majina ya watu wawili au watatu wanaojua mtoto anaishi vipi.

Piga nakala za kila kitu na uziweke mahali tofauti na penye zile halisi.

Msaada unapatikana wapi?

Kwa mtoto aliye hatarini, piga 116, simu ya bure ya Sauti. Kwa maswali kuhusu huduma za wakimbizi, piga 0800 323232, pia bure. Msaada wa kisheria hutolewa na mashirika kama Refugee Law Project na FIDA-Uganda; uliza kwenye dawati la ulinzi katika makazi yako ni shirika gani linalofika kwenu na siku gani. Huduma za OPM na UNHCR hazilipiwi. Anayekudai fedha ili "akusaidie kupata watoto" mtolee taarifa kupitia namba hiyohiyo ya 0800 323232.

Kesi itakapokwisha, mmoja wenu atakaa na mtoto na mwingine atakuwa akimtembelea, na wote wawili mtabaki wazazi wake. Kwa hiyo ongeeni kwa namna ambayo kesho, mtoto akiugua usiku, mmoja ataweza kumpigia mwenzake simu na ikapokelewa.