Kaniki ya bibi na gauni la usiku

Nimerudi chuoni jana kutoka nyumbani Idodi, vumbi la njiani bado liko kichwani.

Si mnajua mwisho wa mwezi tuna usiku wa mitindo, kila chumba bwenini kinashona gauni moja la jioni. Wenzangu wamekimbilia satini. Sawa, inang'aa kwenye taa, ila inateleza chini ya sindano, na ukikosea mshono ukafumua, matundu yanabaki. Mimi nikataka pamba nyeusi. Nikaenda kumwomba bibi kaniki yake ya sandukuni.

Mwe! Bibi akanitazama kama nimemtukana. "Mjukuu wangu, tumekusomesha ili uvae kaniki mbele za watu?"

Nilicheka, kumbe ana hoja. Si ninasoma historia jamani?

Karne ya 19 nguo ndiyo ilikuwa hela ya huku bara. Misafara ilipanda kutoka pwani na majora ya nguo, ikarudi na pembe za ndovu. Kulikuwa na merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vikaikatisha biashara hiyo, na nguo za India zikapata nafasi. Kaniki nayo ilikuwa pamba iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Kipimo kilikuwa mikono: minne upande, minane doti. Ndiyo doti hiyohiyo tunayonunulia khanga mpaka leo.

Sasa huko Zanzibar nguo ilisema wewe ni nani. Merikani na kaniki zilikuwa za watumwa na maskini. Wenye nafasi walivaa hariri na vitambaa vya bei. Ilipotoka amri ya 1897 ya kufuta utumwa, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki, wakavaa khanga za rangi. Tusiseme walipenda fasheni tu. Walikuwa wanatangaza kwamba sasa hawana bwana.

Kwa hiyo mimi, msomi mzima, nataka kuipandisha jukwaani nguo ambayo wenzetu waliivua kwa furaha. Nikamwambia bibi hayo yote. Akanisikiliza, halafu akasema yake hayamo kwenye vitabu vyangu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita ya Kagera, bidhaa ziliadimika nchi nzima. Alipanga foleni dukani tangu alfajiri akitaka khanga. Zikaisha kabla hajafika mbele. Akarudi na kaniki, na hiyo ndiyo ikawa mbeleko ya mama yangu.

"Ndiyo maana siipendi," akasema, "na ndiyo maana sijaitupa."

Basi sikuomba tena. Nimenunua kaniki mpya Iringa mjini, nimeiloweka kwanza maana inachuja rangi na kuruka. Lakini asubuhi ya kuondoka bibi alinipa kipande chembamba alichokikata mwenyewe kwenye ile ya zamani. Akasema nikishone kiunoni, kwa ndani, watu wasikione.

Gauni liko mezani, mkasi mkononi. Mimi natamani kukiweka nje. Nyie mngefanyaje?

Naomba kuwasilisha.