UKUNGU KWENYE KIOO CHA GARI WAKATI WA MVUA: TUMIA AC NA HITA, ACHANA NA KITAMBAA



Masika ikianza kumwaga, Machi mpaka Mei, kuna kitu utakiona sana barabara ya Morogoro. Dereva kashika usukani kwa mkono mmoja, mkono wa pili ana kitambaa anafuta kioo cha mbele kwa ndani. Anafuta, ukungu unarudi. Anafuta tena, unarudi tena. Mbele yake semi, nyuma basi la mkoani, pembeni bodaboda na mtoto wa shule anataka kuvuka.

Piga hesabu kidogo. Ukiwa spidi 50 tu, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukipambana na kitambaa sekunde 5, umeshakwenda mita 70 huoni vizuri. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kiwanja cha mpira!

Cha kusikitisha ni kwamba magari mengi tunayoagiza used kutoka Japani yana AC ya otomatiki, na kazi hiyo inaimaliza kwa dakika chache. Lakini kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani, hakuna anayekisoma, basi sisi tunajua kitufe cha baridi tu. Leo tuvijue na vingine.

UKUNGU UNATOKA WAPI?

Hewa ya joto inabeba maji mengi usiyoyaona. Ikigusa kitu cha baridi, inayaacha hapo. Ndiyo maana chupa ya soda ya baridi inatoka jasho. Kwenye gari ni vilevile: mvua imepoza kioo, ndani mko watu wanne mmelowa, vioo mmepandisha, mnapumua. Maji yatakwenda wapi? Yanakaa kwenye kioo.

Kabla hujabonyeza chochote, jua ukungu uko upande gani. Pitisha kidole kwa ndani. Alama ikibaki, ukungu uko ndani. Isipobaki, piga waipa mara moja. Ukifutika, ulikuwa nje. Hizi ni kesi mbili tofauti na dawa zake ni tofauti.

UKUNGU ULIO NDANI

1. Bonyeza kitufe chenye picha ya kioo kilichopinda juu, na mishale mitatu inayopanda kama moshi. Hicho ni cha kioo cha mbele. Chenye picha ya mstatili ni cha kioo cha nyuma. Wengi wanavichanganya.

2. Hakikisha taa ya A/C inawaka. Magari mengi yanaiwasha yenyewe ukibonyeza kitufe cha kwanza, mengine hapana. Watu husema "mvua inanyesha, baridi hii, AC ya nini?" Sikiliza: AC haipozi tu, inakausha hewa. Yale maji yanayodondoka chini ya gari ukipaki ni unyevu uliotolewa kwenye hewa ya ndani. Gari halijaharibika.

3. Panda joto, weka 25 au zaidi. AC na hita zikifanya kazi pamoja hazigombani. Hewa inapita kwanza kwenye kipoozeo, inaacha maji, halafu inapita kwenye hita inapashwa. Hewa kavu na yenye joto ndiyo inayonyonya unyevu wa kioo haraka.

4. Ingiza hewa ya nje. Kile kitufe chenye picha ya gari na mshale uliojikunja ndani kinazungusha hewa ileile. Kinafaa kwenye vumbi au nyuma ya lori la moshi. Wakati wa ukungu, kizime.

5. Feni juu kabisa. Kioo kikishakuwa safi, bonyeza AUTO, gari liendelee lenyewe.

Kama huoni kabisa, usijaribu vitufe huku unatembea. Toka nje ya barabara, washa hazadi, subiri kioo kisafike.

UKUNGU ULIO NJE

Huu kwetu Pwani ndio unatushangaza, maana hewa ya nje ni ya joto na ina unyevu mwingi. Alfajiri au usiku baada ya mvua, mtu ameweka AC mpaka mwisho wa baridi na hewa inapiga kioo. Kioo kinakuwa kama ile chupa ya soda, jasho linatoka upande wa nje. Yeye anadhani uko ndani, anaongeza baridi, ukungu unazidi!

Dawa: piga waipa, panda joto, na kwa kitufe cha MODE elekeza hewa usoni badala ya kwenye kioo. Basi.

AUTO INAJUAJE?

Gari lina sensa. Moja inapima joto la ndani, ipo kwenye kitundu kidogo kwenye dashibodi. Nyingine iko mbele karibu na bampa, inapima joto la nje. Ya tatu iko juu ya dashibodi karibu na kioo, inapima jua. Kwa hiyo wale wa kutandika vitambaa na midoli juu ya dashibodi, mkiifunika hiyo, AUTO inadhani kuna kivuli wakati jua linawachoma.

Na kingine: ukiweka 25, maana yake unataka ndani ya gari pawe 25. Gari likiwa limeanikwa juani, kuweka 18 hakulipozi haraka zaidi, maana hata kwenye 25 AC tayari inapuliza kwa nguvu zote.

HITA KWA WANAOPANDA JUU

Kibaha hita utaitumia kwa ukungu tu. Lakini ukienda Mafinga, Makambako au Njombe kati ya Juni na Agosti, utaitafuta mwenyewe.

Hita inatumia maji ya moto ya injini, joto ambalo lingepotea bure kwenye rejeta. Haili mafuta kama AC. Asubuhi AUTO ikipuliza taratibu usidhani ni mbovu, inasubiri maji yapate moto.

Dalili za kumwambia fundi:

- Injini ina moto lakini hita inapuliza baridi: maji yanaweza kuwa yamepungua. Angalia mapema kabla gari halijachemka.
- Mshale wa joto haupandi: themostati imekwama wazi, au iling'olewa. Wapo mafundi wanaoing'oa wakisema nchi yetu ni ya joto. Injini isiyofikia joto lake inakula mafuta zaidi.
- Ukungu una mafuta mafuta, kuna harufu tamu, kapeti la mbele limelowa: rejeta ndogo ya hita inavuja.

Mshale wa joto ukianza kupanda kupita kiasi njiani, zima AC, weka hita mwisho na feni mwisho. Utatoka jasho, lakini joto linatoka kwenye injini wakati unatafuta pa kupaki. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto.

Na hili ni la uhai: usilale kwenye gari lililowashwa, vioo juu, eti unaota hita. Moshi wa ekzosi ukivujia ndani una gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu analala na haamki.

GARI HALINA AC?

Elekeza feni kwenye kioo, shusha vioo vya pembeni kidogo, na kioo kiwe safi kwa ndani, maana kichafu kinashika ukungu haraka. Tone la sabuni ya maji ukilipaka na kulisugua mpaka kioo king'ae litachelewesha ukungu.

Wewe unayeendesha deiwaka au gari la bosi, kaa na vitufe hivyo dakika kumi gari likiwa limepaki. Usisubiri kujifunzia kwenye mvua, na semi liko mbele yako.

Mwenye swali atupie hapo chini. Safari njema wadau!