Mwaka 1973 Tuliambiwa Mara Mbili

Watoto wetu wanaosoma Kichina ndio waliotufumbua macho: jina Kangle huandikwa kwa herufi mbili, ya kwanza hubeba maana ya afya, ya pili furaha. Tulicheka, maana wazazi wetu waliyasikia maneno hayo mawili redioni zamani. Mwaka 1971, Tanganyika ilipotimiza miaka 10 tangu Uhuru wa 9 Desemba 1961, kampeni ya masomo kwa redio iliitwa Wakati wa Furaha. Miaka miwili baadaye ikaja Mtu ni Afya.

Kwa kuwa sisi tunaoandika ni wauguzi, tumechagua hiyo ya pili. Wengi wetu tulizaliwa karibu na 1980, tukakuta vyoo vimeshachimbwa, tukadhani vilikuwepo siku zote.

Kazi ya kampeni ile ilikuwa kubadili mazoea ya nyumba kwa nyumba: maji ya kunywa, vyoo, madimbwi yanayozalisha mbu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima haikuanza na redio. Ilianza na watu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza kwa ngazi, waliofunzwa juu wakiwafundisha wa chini yao. Kisha kwa wiki 12, katikati ya 1973, watu wapatao milioni 2 walikutana kwa vikundi. Walisikiliza kipindi cha Radio Tanzania, wakasomewa kitabu na yule aliyejua kusoma, halafu wakajadili. Malaria, minyoo, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu: je, haya yapo hapa kwetu? Yanaletwa na nini? Wiki hii tufanye nini? Baada ya hapo waliondoka na majembe. Hata kitambaa cha kampeni kilichapishwa kikavaliwa, na sisi tunaoishi kwa kutegemea vitambaa hatuwezi kulipita hilo bila kulitaja.

Tulipokuwa tukisomea shahada ya uuguzi ugenini, tulifundishwa kwamba mabadiliko katika taasisi hupitia hatua tatu za Kurt Lewin: kuyeyusha mazoea, kuyabadilisha, kisha kuyagandisha upya. Tuliandika na tukafaulu mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba wazazi wetu walikwisha kufanya hivyo chini ya mwembe.

Lakini watoto, mwaka huohuo una habari nyingine, nayo hatuwezi kuificha kwa sababu leo ni sikukuu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri, na kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo mwisho wa 1976. Serikali ilikuwa ileile, na redio ileile. Zaidi ya watu milioni 10 walijikuta vijijini. Wengine walikubali, na si haki kusahau kwamba shule na zahanati ziliwafuata. Wengine walipakiwa kwenye malori, na sehemu nyingine nyumba za zamani zilichomwa ili wasirudi. Mkulima wa kusini aliyeona kwamba mikorosho yake itabaki mbali mno hakuwa na kikundi cha kulisemea hilo. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Baada ya hapo mavuno yakaporomoka kwa miaka mingi, na kuhamishwa mbali na mashamba ni mojawapo ya sababu.

Sisi tunaona tofauti iko hapo. Vyoo vilijadiliwa kabla ya kuchimbwa. Vijiji vilitangazwa.

Tulikumbuka hayo Novemba 2022. Wilaya ya Haizhu ilifungwa kwa ajili ya korona, na Kangle, yenye vichochoro vya karakana za kushona vilivyobanana karibu na soko la vitambaa la Zhongda, ikazungushiwa vizuizi. Mafundi waliotoka mikoa mingine walikaa bila kazi wala njia ya kurudi kwao. Usiku wa tarehe 14 watu walivunja vizuizi wakatoka barabarani. Tarehe 30 vizuizi viliondolewa, ghafla kama vilivyokuja.

Hatuandiki haya kuwahukumu wengine. Kosa tunalolijua vizuri ni letu. Tulitafsiri matangazo yote, tukayarusha kwenye kundi la simu, marefu kama hati ya mahakama, tukaridhika kwamba tumewasiliana. Mama mmoja wa jumuiya, mgonjwa wa sukari, alikaa siku mbili bila insulini kwa kuwa hakuelewa kwamba angeweza kuomba kibali cha kwenda hospitali. Ujumbe alikuwa nao mkononi. Wodini huwa tunamwambia mgonjwa aturudishie maelezo kwa maneno yake mwenyewe kabla hajaondoka. Kwa ndugu zetu hatukufanya hivyo hata mara moja. Siku ya tatu tulianza kupiga simu, familia moja moja, tukiuliza: umeelewa nini? Hapo ndipo tukajua. Mama huyo yu mzima, na ametukubalia tulisimulie hili bila jina lake.

Sasa karakana nyingi zimehamia Qingyuan, na majengo ya Kangle yamo katika mpango wa kujengwa upya. Familia zetu zinazotegemea biashara ya huku zinatawanyika. Kamati inataka kuhamisha darasa la Kiswahili la Jumamosi. Tangazo limeshaandikwa, lina mistari minne. Tumeomba lisitumwe bado. Kwanza wazazi na watoto wakae familia sita sita, wasomewe pendekezo, waseme ni nani nauli itamshinda na ni mtoto gani atarudi nyumbani usiku, kisha kila kikundi kilete neno lake kwa kamati. Vikundi vitaanza Jumapili baada ya sherehe, nyumbani kwa yeyote mwenye viti vya kutosha.