Dar es Salaam ya kale kwa msafiri wa majini

Dar es Salaam ya kale ni sehemu ya katikati ya jiji inayoanzia ukingo wa bandari, Kivukoni, na kuishia mitaa ya Kariakoo. Kwa msafiri anayefika kwa boti kutoka Zanzibar, ni mji wa kihistoria unaoanza hatua chache tu baada ya gati. Watalii wanaopanda meli za mtoni kule Ulaya, katika Rhine au Danube, hulipia hasa raha hiyo: meli inafunga gati katikati ya mji, abiria anashuka na kwenda kwa miguu hadi kanisa kuu na soko la zamani. Dar es Salaam inayo nafasi hiyo na kwa sehemu kubwa haiitumii. Abiria wengi wa boti hupokewa na madereva wa teksi na bajaji, wakapita mbele ya jengo kongwe bila kuligeukia, kana kwamba historia yote wameiacha Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000.

Jengo hilo ni Boma la Kale, lililoko Barabara ya Sokoine, ng'ambo ya gati la boti. Lilijengwa miaka ya 1860 kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kujenga mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuwa na haja na mradi ule. Nyumba nyingi zikaachwa zibomoke. Boma limenusurika, na baada ya kukarabatiwa limekuwa kituo cha urithi wa usanifu majengo wa jiji. Ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa humo mgeni anaona jinsi mji ulivyokua kabla hajaingia mitaani.

Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na ukingo wa bandari ungali na sura waliyoupa. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, lenye mnara uliochongoka, na kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara na paa la vigae vyekundu, yote yalianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 19. Mtu aliyewahi kupita miji ya kingo za Rhine atayatambua mara moja. Tofauti ni kwamba hapa yamezungukwa na joto, kunguru na majengo ya vioo yanayozidi kuyafunika kila mwaka.

Kutoka Azania Front, mtaa mmoja ndani, iko Barabara ya Samora, ambayo Waingereza waliiita Acacia Avenue. Katika mzunguko wake imesimama Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Awali hapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Maandishi ya Sanamu ya Askari ni ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na yale ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Wapita njia huitumia zaidi kuelekezana njia.

Upande wa magharibi ni Uhindini: mitaa ya Jamhuri, Indira Gandhi na Kisutu, yenye misikiti, mahekalu, maduka ya vitambaa na roshani za ghorofa za zamani. Mgawanyo huu haukutokea wenyewe. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iligawa mji katika kanda tatu, kwa maneno kufuata aina ya majengo, kwa vitendo kufuata rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kutenganisha Uhindini na Kariakoo, yaani Uswahilini. Leo ni bustani na uwanja wa mikutano, na anayeuvuka kwa miguu anakanyaga mpaka huo bila kuuona. Pembeni yake ni Mtaa wa Lumumba, ambako chama cha kudai uhuru cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mkoloni aliitenga Uswahilini, na Uswahilini ndiko siasa za kumng'oa zilikopikwa.

Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Soko kuu lilibuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa na Rais Julius Nyerere mwaka 1975. Paa lake ni maganda ya zege yaliyofunguka juu kama miamvuli, hewa ikipita katikati, na chini ya ardhi kuna ghorofa ambayo wafanyabiashara huiita shimoni. Pengine hakuna jengo la baada ya Uhuru jijini linalostahili kutazamwa zaidi, japo watembeza wageni hulitaja kwa haraka. Liliungua Julai 2021, na baadaye likakarabatiwa huku soko jingine likijengwa kando yake.

Kinachotoweka kimya kimya ni nyumba za Kiswahili zilizolizunguka soko: baraza mbele, korido katikati, vyumba pande mbili, ua wenye jiko na choo nyuma. Tangu miaka ya 1990 viwanja vyake vimenunuliwa kimoja kimoja na kupandishwa ghorofa za maduka, ambako wateja huja hata kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Majina ya mitaa yamebaki: Sikukuu, Nyamwezi, Mchikichi, Narung'ombe. Anayezitaka nyumba chache zilizosalia asubiri asubuhi ya Jumapili, wachuuzi wakiwa bado hawajatandaza bidhaa barabarani. Kurudi kwenye boti, atoke hadi Barabara ya Morogoro, kituo cha Fire, apande basi la mwendokasi la Kivukoni na ashuke Posta ya Zamani.